Mwuguzi Juu ya Farasi: Miaka ya Kwanza ya Bibi Mary Breckinridge



Mazungumzo ya juma hili yahusu kazi ya uuguzi, walakini si uuguzi wa hospitali kubwa, yenye vitanda vilivyopangwa safu na taa ziwakazo usiku kucha. Yahusu mwuguzi aliyeifuata kazi yake kwa kusafiri, kwanza kwa meli na gari la moshi, na mwishowe juu ya farasi, akivuka mito isiyo na madaraja ili amfikie mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa katika nyumba ya magogo. Jina lake ni Mary Breckinridge, naye alikuwa mtu wa Marekani. Mwaka 1952, alipokuwa na umri wa miaka 71, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Wide Neighborhoods, na humo aliitazama tena safari yake tangu mwanzo. Alifariki mwaka 1965. Habari zitakazosemwa hapa ni za miaka yake ya kwanza tu, yaani kabla kazi yake haijajulikana na watu wengi, na kabla yeye mwenyewe hajawa na hakika kwamba itasimama.

Alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, katika jamaa ya watu wakubwa. Babu yake, John C. Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1857 hata 1861. Baba yake alikuwa mjumbe wa Bunge, kisha akatumwa kuwa balozi katika Urusi, na watoto wake wakaenda pamoja naye. Basi tangu utoto Mary alizoea kufunga masanduku na kuyafungua. Alisoma Uswisi, akasoma na kwao Marekani. Lakini binti wa nyumba kama hiyo, katika zama zile, hakutazamiwa kufanya kazi ya mshahara. Alitazamiwa kuolewa, na kupokea wageni.

Akaolewa mwaka 1904. Mumewe, aliyekuwa mwanasheria, alikufa mwaka 1906, naye akawa mjane katika umri wa miaka 25. Ndipo alipoingia shule ya wauguzi katika hospitali ya St. Luke's mjini New York, akamaliza mwaka 1910. Hata hapo bado hakuwa ameishika kazi hiyo kwa moyo wote, kwani mwaka 1912 aliolewa tena, akaacha uuguzi, akakaa katika Arkansas. Akapata mtoto wa kiume mwaka 1914. Mwaka 1916 akazaa binti kabla ya siku zake kutimia, na mtoto yule akaishi saa chache tu. Kisha mwezi wa Januari 1918 yule mvulana, waliyemwita Breckie, akaugua na kufa, muda mfupi baada ya kutimiza miaka 4. Ndoa yenyewe haikudumu. Ilivunjwa mwaka 1920, naye akalirudia jina la baba yake.

Haifai kuharakisha mahali hapa. Watu wengi husema kwamba msiba humfundisha mtu, lakini ukweli ni kwamba msiba huwavunja wengi. Mama huyu alikuwa mwenye elimu na mali, na madaktari walikuwa karibu. Hata hivyo watoto wake 2 hawakupona. Aliona kwamba ikiwa hali ilikuwa hivyo kwake, ilikuwaje kwa mwanamke aliyekaa mwendo wa siku nzima kutoka kwa daktari? Akaazimu kwamba miaka iliyosalia ya maisha yake itakuwa ya watoto wadogo na mama zao, hasa wale walio mbali na njia kuu. Wakati ule lakini alikuwa na azimio tu. Hakujua bado ni kwa njia gani.

Mwaka ule ule wa 1918 yalizuka yale mafua makali yaliyoua watu duniani kote, naye akauguza wagonjwa katika mji wa Washington. Vita Kuu ilipokwisha alivuka bahari kwenda Ufaransa pamoja na chama cha wanawake wa Marekani kilichosaidia sehemu zilizoharibiwa. Alipelekwa Vic-sur-Aisne, kaskazini ya nchi, ambako majeshi yalikuwa yamepita na kurudi kwa muda wa miaka 4. Nyumba zilikuwa hazina mapaa, watu walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, na mashamba yalijaa vyuma. Watoto walikuwa wamekonda kwa kukosa maziwa, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamechukuliwa au kuuawa.

Alilofanya kwanza halikuwa dawa. Aliwaandikia rafiki zake wa Marekani akaomba fedha za kununua mbuzi! Mbuzi wakaja, wakagawiwa kwa jamaa zenye watoto wadogo, na maziwa yakapatikana. Jambo hili huonekana dogo, walakini lilikuwa somo la kwanza la kazi yake yote iliyofuata: mwuguzi aendaye nyumbani kwa watu huona chungu kisicho na kitu ndani yake, na hilo daktari wa hospitalini hawezi kuliona.

Somo la pili alilipata kwa kutazama wenzake. Wauguzi wa Marekani walijua kuuguza, lakini hawakufundishwa ukunga. Wakunga wa Ufaransa walijua kuzalisha, lakini hawakuwa wauguzi. Wanawake wa Uingereza waliokuwako huko, baadhi yao, walikuwa na elimu zote mbili, na mmoja wao akiingia katika nyumba aliweza kumtunza mama, mtoto mchanga, na yule mtoto wa pili mwenye homa aliyelala pembeni. Bibi Breckinridge akaona kwamba huyo ndiye mtu anayehitajiwa katika milima ya Kentucky, jimbo la jamaa zake. Tena akaona kwamba yeye mwenyewe si mtu huyo bado.

Mtu mwingine angerudi kwao na kuanza mara moja, maana alikuwa na jina kubwa na marafiki wenye fedha. Yeye hakufanya hivyo. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1923 alikwenda katika wilaya 3 za milimani, nazo ni Leslie, Knott na Owsley, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari. Alisafiri yapata maili 650, na katika safari hiyo alipanda farasi 13 na nyumbu 3, kwa kuwa kila mnyama alichoka au alikuwa wa kuazima. Sehemu hizo zilikuwa hazina barabara ya motokaa. Njia kubwa ilikuwa mto wenyewe: wakati wa maji machache watu walipita na magari ya nyumbu ndani ya mto, juu ya mawe, na mvua ikinyesha njia ikatoweka. Msikilizaji aliyewahi kukwama katika udongo wa masika hahitaji maelezo zaidi.

Aliwatafuta hasa wakunga wa kienyeji, akaongea na 53 kati yao. Wengi walikuwa wazee, umri wao kwa wastani ukiwa miaka 60 hivi. Walikuwa wamejifunza kwa mama zao au kwa majirani, au hawakujifunza kwa mtu ila kwa kulazimika tu. Wako waliokuwa safi na wenye busara, na wako waliokuwa wachafu. Baadhi yao waliweka shoka chini ya kitanda cha mzazi, wakiamini kwamba litaizuia damu. Ni rahisi kucheka habari hii. Lakini mtu asisahau kwamba wazee hawa ndio peke yao waliokuwa tayari kuamka usiku wa manane na kwenda, na kwamba daktari mwenye cheti hakuwa karibu. Bibi Breckinridge hakuwacheka. Aliandika alichokiona, jema na baya, akaondoka.

Kisha akarudi darasani. Alikuwa na umri wa miaka 42 alipoingia hospitali ya wazazi huko Woolwich, London, akawa mwanafunzi miongoni mwa wasichana ambao wangeweza kuwa binti zake. Ilimpasa kwenda Uingereza kwa sababu Marekani wakati huo haikuwa na shule ya kumfundisha mwuguzi kuwa mkunga kwa jinsi aliyoitaka. Akapata cheti cha Halmashauri ya Wakunga mwaka 1924.

Hata baada ya cheti aliendelea kutafuta. Kaskazini ya Uskochi, katika milima na visiwa, Serikali ilikuwa imeanzisha mwaka 1913 utaratibu wa madaktari na wauguzi kwa ajili ya watu maskini waliotawanyika mbali mbali. Nchi ile ilifanana na Kentucky kwa milima, kwa umaskini, na kwa ugumu wa njia. Alikaribishwa na Sir Leslie MacKenzie, mmoja wa watu walioutunga utaratibu huo, akasafiri kutoka kisiwa hata kisiwa, akiuliza mambo ambayo huenda yakamchosha mtu mwingine: mwuguzi analala wapi? Nani humlipa? Akiugua, nani hushika zamu yake? Atamwita daktari lini, na atafanya nini wakati daktari yuko njiani? Kwa hakika kazi nyingi njema hufa kwa kukosa majibu ya maswali madogo kama haya.

Tarehe 28 Mei 1925 chama chake kiliundwa katika mji wa Frankfort, makao makuu ya Kentucky. Mwaka 1928 kikaitwa Frontier Nursing Service. Alianza kwa fedha zake mwenyewe, pamoja na wauguzi wachache waliokuwa wamejifunza ukunga, katika mji mdogo wa Hyden, wilaya ya Leslie. Juu ya tawi la mto liitwalo Middle Fork akajenga nyumba kubwa ya magogo, akaiita Wendover, nayo ikawa nyumba yake na ofisi ya kazi. Watu wa milimani walimtazama. Walikuwa wamekwisha kuona wageni wengi waliokuja na maneno mazuri na kuondoka kabla ya baridi.

Sasa na isemwe jinsi kazi ilivyokuwa. Kila mwuguzi alikuwa na farasi wake, na ilimpasa kumtunza, kumlisha na kumtandika. Alivaa suruali za kupandia farasi na buti, jambo lililowashangaza wazee. Nyuma ya tandiko ilining'inia mifuko 2 ya ngozi yenye uzito wa ratili 40 hivi. Seti moja ilikuwa ya uuguzi wa kila siku, na nyingine ya kuzalisha, ambayo haikuguswa ila kwa kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe cha kufulika, na vyombo vyote vya mkunga: sabuni na bakuli, aproni safi, mikasi na nyuzi za kufungia kitovu, mizani ya kumpimia mtoto, na dawa ya kutia machoni mwake asije akapofuka. Mlikuwa pia na kitabu kidogo cha maagizo, kilichowekewa idhini na madaktari wa mji wa Lexington, kikieleza mwuguzi aruhusiwa kufanya nini peke yake. Kitabu hiki kilikuwa kinga ya mgonjwa na kinga ya mwuguzi pia.

Mama mwenye mimba alitakiwa kujiandikisha mapema, na mwuguzi akamtembelea kila majuma 2, na miezi ya mwisho kila juma. Baada ya kuzaa alitazamwa kila siku kwa siku 10. Uchungu ulipoanza, kwa kawaida usiku, mume alipanda nyumbu akaja kugonga mlango wa kituo. Kulikuwa na kanuni iliyojulikana na wote, ya kwamba mume akiweza kumfikia mwuguzi, mwuguzi naye ataweza kumfikia mke. Kanuni hiyo ni nyepesi kuisema mchana mbele ya moto. Ni nyingine kabisa saa 8 za usiku mwezi wa Januari, mto ukiwa na barafu ukingoni na maji mengi katikati, na farasi akisita kutia mguu. Mwuguzi alipaswa kumwamini mnyama, kwa maana farasi wa huko aliijua mipito kuliko mgeni. Wengine waliogelea pamoja na farasi zao, na kufika katika nyumba ya mzazi wamelowa hata kiunoni. Nao wakafika, wakachemsha maji, wakaanza kazi.

Nyumba nyingi zilikuwa na chumba kimoja au 2, kitanda kimoja, na taa ya mafuta. Magazeti ya zamani yalitandikwa kitandani yawe godoro safi. Wakati wa kungojea mwuguzi alijua mengi: nani ana minyoo ya safura, kisima kiko wapi na choo kiko wapi, mtoto gani hajachanjwa. Kwa njia hiyo wauguzi wale, walioitwa kwa ajili ya uzazi, wakajikuta wakichanja watu kuzuia ndui, dondakoo na homa ya matumbo. Mara nyingi chanjo ilitolewa shuleni au barazani pa nyumba ya mtu, na jirani wote wakaja.

Ada ya kumtunza mama tangu mimba hata baada ya kuzaa ilikuwa dola 5, na ada ya uuguzi wa kawaida dola 1 kwa jamaa nzima kwa mwaka. Fedha taslimu zilikuwa adimu, hivyo watu waliruhusiwa kulipa kwa majani ya mahindi ya kulisha farasi, kwa kuku, kwa magogo ya boma, au kwa kufanya kazi siku kadhaa. Bibi Breckinridge hakutaka watu wajione kwamba wanapewa sadaka. Na pengine hilo, kuliko dawa zote, ndilo lililowafanya wamkubali. Katika kila kituo iliundwa halmashauri ya wenyeji, na mtu aliyekuwa amepeleka mbao zake na nyumbu wake kujenga kituo hakukiita tena cha wageni.

Vituo hivyo vilijengwa kwa kupimwa, ili mwuguzi asisafiri zaidi ya maili 5 hivi kufikia nyumba ya mbali. Cha Beech Fork kilikuwa kimoja cha kwanza, na wauguzi wenyewe walisimamia ujenzi wake. Hata kufika mwaka 1930 vilikuwa vituo 6, vikihudumia eneo la maili za mraba 700 hivi. Tarehe 26 Juni 1928 hospitali ndogo ya mawe ilifunguliwa Hyden, kwenye mteremko wa mlima uitwao Thousandsticks, na aliyeifungua ni yule Sir Leslie MacKenzie aliyevuka bahari kutoka Uskochi. Motokaa haikuweza kufika. Mwaka huo pia walianza kuja wasichana wa kujitolea, wengi wao wa jamaa tajiri, kazi yao kuwatunza farasi na kupeleka barua. Binti aliyekuwa hajawahi kushika ufagio kwao alijifunza hapo kusafisha zizi.

Jambo moja lisifichwe. Fedha za kazi zilitoka miji ya mbali, na Bibi Breckinridge alikuwa hodari wa kuzitafuta, akihutubia katika nyumba za matajiri. Mara nyingi aliwaambia wasikilizaji wake kwamba watu wa milimani ni wa damu ya zamani ya Kiingereza, ndiyo sababu wastahili kusaidiwa. Neno hilo lilifungua mikoba mingi, lakini ni neno baya. Mama afaye kwa kutoka damu astahili mkunga, awe wa damu yo yote. Mtu aweza kuwa na kazi kubwa na fikira ndogo ndani ya kichwa kimoja, na wale wanaoisoma historia yake leo hawana budi kuyasema yote mawili.

Mwaka 1930 ukaja ukame mkali, mahindi yakanyauka, nayo ile shida kubwa ya fedha iliyoanza mwaka 1929 ikakausha michango. Mishahara ya wauguzi ilipunguzwa, na wengi wakabaki vivyo hivyo. Kisha mwaka 1931 farasi aliyempanda Bibi Breckinridge alishtuka akakimbia, naye akaanguka akavunjika uti wa mgongo. Alikuwa na umri wa miaka 50. Alilala kwa majuma mengi, na tangu hapo ilimpasa kuvaa mkanda wa chuma kuushikilia mgongo wake.

Mwaka 1932 hesabu ya uzazi 1,000 wa kwanza ilitolewa. Ilikuwa imekaguliwa na kampuni ya bima ya Metropolitan Life, ambayo haikuwa na sababu ya kumpendelea mtu. Ikaonekana kwamba katika uzazi wote ule, uliofanyika zaidi katika nyumba za magogo, hakuna mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na mimba au kuzaa. Mkuu wa hesabu wa kampuni hiyo, Louis Dublin, aliandika kwamba wanawake wote wa Marekani wangepata utunzaji wa namna hiyo, mama 10,000 wangeokoka kila mwaka.

Alipoweza kusimama, Bibi Breckinridge alitandikiwa farasi mwingine, mpole zaidi, akapanda na mkanda wake wa chuma ndani ya koti, akaufuata mto kwenda kutazama vituo vyake.